Taa za LED za kuoteshea mimea ndani: mwongozo kamili kwa unayeishi chumba kisicho na jua

Wakuu, tuanze na boksi lenyewe. Ukiulizia taa ya mimea madukani au ukiagiza mtandaoni kutoka China, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni paneli ya mwanga wa zambarau iliyoandikwa wati 1000, halafu ukiichomeka kwenye kipimo cha umeme inakula wati 100 hivi, wakati mwingine hazifiki hata hizo. Ile 1000 wameipata kwa kujumlisha uwezo wa juu kabisa wa kila kidude cha LED kilichobandikwa pale, na hakuna hata kidude kimoja kinachoendeshwa kwa kiwango hicho, kingeungua siku hiyohiyo. Pembeni yake dukani kuna tubu nyeupe ya kawaida ya wati 18 ya kuweka jikoni, ambayo muuzaji hata hafikirii kuwa inaweza kuotesha kitu.

Mimi nasema hivi, kwa mtu anayetaka miche, rihani, dania, letusi na chipukizi za kula kwenye chumba kisichoingia jua, ile tubu nyeupe inatosha kabisa. Kinachoamua ni mwanga kiasi gani unalifikia jani na kwa masaa mangapi. Rangi na wati za kwenye boksi zinakuja nyuma sana. Huo ndio mwongozo wote, haya mengine ni namna ya kufanya.

Hatua ya 1: Amua unaotesha nini kabla hujanunua taa

Watu wengi wananunua taa kwanza halafu ndio wanafikiria mmea, na hapo ndipo hela inapopotea, kwa sababu mmea wa majani na mmea wa matunda ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mahitaji ya mwanga. Nyanya ikitaka kuzaa inahitaji karibu mara mbili ya mwanga wa letusi, na hoho vilevile, kwa hiyo ukisema unataka kuvuna nyanya sebuleni kwa taa tu basi jiandae kununua paneli ya maana na kulipa umeme wa maana. Mimi sikushauri. Lakini kuotesha MICHE ya nyanya na hoho kwa wiki nne mpaka sita halafu ukaitoa nje, hiyo ni kazi nzuri sana kwa LED, miche inatoka mifupi, minene, imelingana.

Sasa kuna mchicha na sukuma. Kiukweli fungu la mchicha sokoni ni bei rahisi mno, na limeoteshwa kwa jua la bure, wewe huwezi kushindana nalo kwa umeme wa kununua. Otesha mchicha ndani kama unataka maikrogrini zake (chipukizi changa za kula) au kama uko mahali usipoupata, mfano wale jamaa zetu walioko Minnesota au Sweden ambako mwezi wa kumi na mbili jua linachungulia tu na kuondoka, hao taa inawasaidia kweli. Ila kwa aliyeko Sinza ya Dar au Umoja ya Nairobi hesabu hailipi. Kinacholipa ni vile vitu ambavyo sokoni ni ghali au vinafika vimesinyaa: rihani, mnanaa, dania fresh, letusi za rangi, maikrogrini za figili na alizeti, na miche.

Halafu angalia joto la unakoishi, hili watu hawalisemi kwa sababu mafunzo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Letusi inapenda nyuzi 15 mpaka 24. Chumba cha Dar mwezi wa pili usiku kinaweza kubaki nyuzi 28 na zaidi, letusi hapo inakuwa chungu na inakimbilia kutoa shina la maua hata ukiipa mwanga wa mbinguni, na dania nayo haipendi joto. Kwa hiyo aliyeko Dar, Tanga, Mombasa aende na rihani, maikrogrini na miche. Aliyeko Arusha, Mbeya, Iringa, Nairobi, Nakuru, huyo letusi na dania ni zake.

Hatua ya 2: Namba ambazo ni za kweli

Jicho la mtu linadanganya sana kwenye mwanga. Sebule ambayo wewe unaiona imewaka vizuri usiku ina luksi 100 mpaka 300 hivi, nje jua la saa sita mchana linapita luksi 100,000. Ubongo unarekebisha, huoni hiyo tofauti, jani linaiona.

Luksi lakini ni kipimo cha jicho la binadamu. Mmea unahesabu chembe za mwanga, fotoni, zile zenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700, na kipimo chake ni mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kwenye maboksi ya taa nzuri utakiona kwa herufi PPFD. Jua kali la mchana ni kama 2000. Letusi inaridhika na 200 mpaka 250, miche 150 mpaka 250, maikrogrini hata 100 zinaenda.

Namba ya pili ni jumla ya siku nzima, inaandikwa DLI. Chukulia ile ya kwanza ni ukali wa mvua inavyonyesha na hii ni maji yaliyojaa kwenye ndoo mpaka jioni, mvua ndogo ikinyesha muda mrefu ndoo inajaa, na hiyo ndiyo siri yote ya kuotesha kwa taa ndogo, unaiwasha masaa mengi. Hesabu yake ni hii, shika kalamu: mikromoli mara masaa mara 0.0036. Mfano 200 kwa masaa 16 ni 200 × 16 × 0.0036 = 11.5, yaani moli 11 na nusu kwa siku. Letusi inataka 12 mpaka 17, rihani na miche zinaenda vizuri kwenye 10 mpaka 15, maikrogrini 6 mpaka 10 zimetosha, nyanya za kuzaa ni 20 mpaka 30. Nje kwetu siku ya jua inapita 40 kirahisi, ndio maana nasema ukiwa na balkoni inayopata jua achana na taa, peleka ndoo zako pale umalize.

Kuhusu rangi. Ile zambarau ilitokana na kwamba klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, inafyonza zaidi mwanga mwekundu na wa bluu, basi watu wakasema kijani ni hasara. Sio kweli hivyo, jani linatumia kijani pia, na kijani kinapenya ndani zaidi ya jani na kufika majani ya chini. LED nyeupe yenyewe kwa ndani ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya bluu kuwa njano na nyekundu, kwa hiyo bluu ipo, kijani ipo, nyekundu ipo. (LED nyekundu ipo tangu 1962, Nick Holonyak aliitengeneza akiwa General Electric, lakini bluu iliyo angavu ilisumbua mpaka miaka ya 1990, Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura ndio walioiweza na wakapewa Nobeli ya fizikia 2014. Bila bluu hakuna nyeupe.) Hata NASA walipopeleka bustani yao ndogo ya Veggie kwenye kituo cha anga mwaka 2014 waliweka nyekundu na bluu, ila wakaongeza na kijani ili chakula kionekane kama chakula, na Agosti 2015 wanaanga wakala letusi yao huko juu.

Chini ya zambarau huoni jani likianza kuwa njano, huoni wadudu, na macho yanauma. Sababu hiyo peke yake kwangu inatosha kuchukua nyeupe.

Hatua ya 3: Kununua, na hesabu ya umeme

Njia tatu.

Ya kwanza, balbu moja ya LED ya wati 12 mpaka 15 kwenye hoda ya kawaida au taa ya mezani. Hii ni ya sufuria moja la rihani au trei moja ndogo, eneo kama sentimita 30 kwa 30, balbu ikae sentimita 20 mpaka 25 juu ya majani. Isiwe ndani ya kifuniko kilichozibwa, LED ikikosa hewa ya kupoa inakufa mapema.

Ya pili ndiyo ninayoipendekeza, tubu za LED za sentimita 120, zile zinazokuja na fremu yake kabisa, wati 18 kila moja. Kwenye boksi tafuta lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa, hiyo ndiyo namba ya kuamini zaidi kuliko "sawa na wati kadhaa". Lumeni gawanya kwa wati, ukipata 100 au zaidi chukua, ukipata 70 iache dukani. Rangi ya mwanga inaandikwa kwa Kelvini: 4000 au 5000 au 6500 zote zinafanya kazi, 6500 ina bluu nyingi zaidi na bluu ndiyo inayofanya miche iwe mifupi, 3000 ile ya njano ya hotelini inaenda pia ila miche itarefuka kidogo. Angalia na volti za kuingia, tafuta iliyoandikwa 85 mpaka 265, maana umeme wetu huu mara umeshuka mara umepanda, draiva (kile kifaa cha ndani kinachorekebisha umeme wa LED) ya aina hiyo inavumilia.

Ya tatu ni paneli bapa ya LED nyeupe iliyotengenezwa kwa mimea, bodi yenye vidude vingi vidogo na bati la kupozea nyuma. Muuzaji makini ataandika inatoa mikromoli ngapi kwa kila jouli moja ya umeme. Tubu ya jikoni ya lumeni 100 kwa wati inatoa kama 1.4. Paneli nzuri inatoa 2.5 mpaka 2.8. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hiyo wala wati halisi zinazovutwa ukutani, mwache na boksi lake.

Sasa tupige hesabu ya rafu moja ya sentimita 120 kwa 30, hiyo ni mita za mraba 0.36. Tubu 4 za wati 18 ni wati 72, na wati moja ni jouli moja kwa sekunde, kwa hiyo 72 mara 1.4 ni kama mikromoli 100 kwa sekunde zinazotoka kwenye taa, lakini sio zote zinafika kwenye jani, nyingine zinakimbilia pembeni, chukulia 70 kwa mia zimefika, kwa hiyo 70 gawanya kwa 0.36 unapata kama 195. Karibu 200 ile tuliyoitaka. Umeona? Tubu nne za jikoni.

Umeme: wati 72 kwa masaa 16 ni uniti 1.15 kwa siku, kwa mwezi uniti kama 35. Zidisha kwa bei ya uniti yako mwenyewe unayoiona kwenye risiti ya tokeni, tuseme ni shilingi 350 basi ni kama 12,250 kwa mwezi. Na wewe wa Tanzania uliye kwenye lile kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi kaa chini ufikirie vizuri, hiyo rafu peke yake inakula karibu nusu ya uniti zako, ukiongeza friji unaweza kujikuta umehamishwa kundi na kila kitu ndani kinapanda bei. Paneli yenye 2.7 itatoa mwanga uleule kwa wati 37 tu, uniti 18 kwa mwezi, kwa hiyo bei yake ya juu inarudi taratibu kama unawasha mwaka mzima. Kama unaotesha miche miezi miwili kwa mwaka, tubu zimetosha.

Kuna mtu ataniuliza sola. Uniti 1.15 kwa siku ni karibu betri mbili nzito za volti 12 ampea 100, maana za asidi hutakiwi kuzishusha chini ya nusu. Kununua paneli ya sola ikamate jua uligeuze umeme uligeuze tena mwanga wakati ungeweza kuutoa tu mmea nje juani, hapana kwa kweli.

Hatua ya 4: Kufunga rafu

Rafu ya chuma au ya mbao, haijalishi, muhimu ni taa ziweze kupanda na kushuka, kwa hiyo zining'inize kwa minyororo midogo au kamba ngumu, usizipigilie misumari moja kwa moja. Tubu zipangwe kwa upana, zipishane sentimita 6 au 7 hivi ili mwanga uenee. Pembeni na nyuma weka kitu cheupe, kadibodi iliyopakwa rangi nyeupe isiyong'aa au turubai nyeupe, ule mwanga unaokimbia unarudi kwenye majani, na ukifanya hivi hizo 195 zako zinapanda bila kuongeza hata senti ya umeme. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni inafaa kidogo ila inakunjika na kutupa mwanga vipande vipande, nyeupe ni bora.

Umeme na maji vinakaa pamoja hapa, kwa hiyo sikiliza sehemu hii. Ekstensheni iwe juu ya kiwango cha trei, kamwe isilale chini kwenye sakafu chini ya mimea. Kila waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye plagi, ule mbinuko unafanya tone la maji lidondokee chini badala ya kutembea na waya mpaka ndani ya soketi. Usiunganishe ekstensheni kwenye ekstensheni. Rafu ya chuma fundi akuunganishie waya wa ethi, na ukiweza mwambie akuwekee breka ile inayokata umeme ukivuja, sio breka ya kawaida tu. Tubu zisizo na fremu zina aina mbili za kuunganisha, nyingine zinapokea umeme upande mmoja na nyingine pande zote mbili, ukichanganya ni moto, ndio maana nikasema nunua zenye fremu na plagi yake. Unapomwagilia, zima taa kwanza.

Na kuhusu joto, ndio LED haichomi kama balbu za zamani lakini wati 72 ni wati 72, mwisho wa siku zote zinakuwa joto chumbani kwako. Aliyeko Pwani awashe taa usiku, sio mchana. Mmea haujui saa ya ukutani.

Hatua ya 5: Pima kwa simu

Simu yako ina kihisi cha mwanga juu karibu na spika ya sikio, ndicho kinachopunguza mwanga wa skrini. Pakua apu ya kupima luksi, laza simu pale yatakapokuwa majani, uso ukiangalia taa, soma namba katikati na kwenye kona zote nne. Kwa LED nyeupe gawanya luksi kwa 70 upate mikromoli. Luksi 14,000 ni kama 200, luksi 7,000 ni 100. Kwa mwanga wa jua unagawanya kwa 54, na kwa taa ya zambarau hesabu hii haifai kabisa, kihisi kinaona vibaya. Simu sio kifaa cha maabara, inaweza kukosea robo nzima juu au chini, lakini inakwambia kitu kimoja kwa uhakika, kona ina mwanga kiasi gani ukilinganisha na katikati. Kona ikiwa nusu ya katikati, zungusha trei kila siku mbili tatu.

Fanya jaribio hili pia: shusha taa kutoka sentimita 40 mpaka 20 uone namba inavyoruka. Kwa balbu moja ukipunguza umbali nusu mwanga unakaribia mara nne, kwa tubu zilizojipanga kuruka ni kudogo zaidi. Miche na letusi zangu huwa naziweka sentimita 15 mpaka 20 chini ya tubu, mtu akiona anasema zitaungua, haziungui. Paneli nzito ya wati 100 ndiyo unaianzia sentimita 40 na kuishusha taratibu.

Hatua ya 6: Masaa

Nunua taima. Ile ya kuzungusha ya bei rahisi inafanya kazi vizuri mpaka umeme ukatike, hapo inasimama na yenyewe, umeme ukirudi baada ya masaa matatu inaendelea ilipoishia kwa hiyo imechelewa masaa matatu, baada ya wiki moja ya kukatikakatika taa inawaka saa nane usiku na wewe hujui kwa nini. Chukua ya dijitali yenye kabetri kake ndani.

Letusi na rihani, masaa 16. Miche ya nyanya na hoho 14 mpaka 16, na nyanya usiiwashie masaa 24 hata siku moja, majani yanapauka na kuharibika, inahitaji giza. Dania 12 mpaka 14 tu, siku ikiwa ndefu inakimbilia maua. Mchicha ni kinyume chake, aina nyingi zikipata siku fupi ya masaa 12 ndipo zinapotoa maua, na kwetu karibu na ikweta siku ni masaa 12 mwaka mzima, sasa ndani ukiupa 16 unaendelea kutoa majani tu. Spinachi ya Kenya, ile yenye mashina meupe mapana, haina tabu, masaa yoyote. Kwa hiyo usichanganye dania na mchicha rafu moja chini ya taima moja.

Umeme ukikatika siku nzima usihangaike, mmea mzima unavumilia siku moja mbili za giza. Miche iliyochipua jana ndiyo haina akiba, hiyo ipeleke dirishani.

Hatua ya 7: Kupanda na kutunza

Trei zenye matundu chini, kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi) iliyooshwa chumvi, au mboji iliyochekechwa na mchanga kidogo. Udongo mtupu wa shamba ndani ya nyumba unagandamana na unakuletea wadudu.

Letusi mbegu ibaki juu, aina nyingi zinahitaji mwanga ili ziote, bonyeza tu na kidole. Dania kila punje ina mbegu mbili ndani, isugue taratibu mpaka ipasuke, loweka usiku mmoja, panda. Rihani mwagilia kwa kunyunyiza, mbegu inatoa ute, usiifukie. Taa iwake siku ileile unayoona kichwa cha kwanza, sio kesho yake, sio wikiendi ukipata muda, maana mche mchanga ukikosa mwanga hata siku mbili unarefuka kama uzi na hauwezi kurudi kuwa mfupi tena. Unaweza kuufukia shina ukihamisha kama ni nyanya, letusi na dania huwezi.

Maikrogrini: mwaga mbegu za figili zikaribiane bila kupandana, funika na trei nyingine giza siku mbili tatu zisukume mizizi, fungua, taa masaa 12 mpaka 16, siku ya 7 mpaka 10 unakata na mkasi. Alizeti kama siku 10 mpaka 14, loweka kwanza. Mbolea hazihitaji. LAKINI angalia mbegu zenyewe: zile za dukani za shambani zilizopakwa rangi ya pinki au kijani au bluu zina dawa ya ukungu, hizo ni za kupanda shambani, sio za kula chipukizi zake. Tafuta zisizo na dawa. Na usile chipukizi za nyanya wala bilinganya, majani yao yana sumu, na za pilipili pia ziache.

Maji mwagilia kwa chini, weka trei kwenye maji dakika 10 au 15 halafu itoe imwage. Juu pakikaa pameloa muda wote unapata kinyausi, miche inaanguka imeoza shingoni, na unapata vijiinzi vyeusi na ukoga wa kijani. Feni ndogo inayopuliza kwa mbali inasaidia hayo yote na inakaza mashina. Mbolea anza jani la kweli la pili likitoka (usihesabu yale mawili ya mwanzo yanayotoka na mbegu), ya kuyeyusha yenye NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) iliyolingana, nusu ya kipimo cha pakiti, mara moja kwa wiki.

Mmea ukianza kulalamika

Shina refu jembamba na majani yameachana, mwanga mdogo, shusha taa. Majani ya juu yamepauka na kujikunja kingo kuelekea juu wakati ya chini yako sawa, mwanga umezidi au joto la taa, pandisha sentimita 10 usubiri siku tatu. Majani ya chini yanakuwa njano kwanza, hiyo ni njaa ya naitrojeni, taa haihusiki. Letusi majani machanga ya ndani yanaungua kingo na kuwa kahawia, kalsiamu haifiki kwa sababu inakua haraka na hewa haitembei, punguza masaa mawili na uwashe feni, usikimbilie kununua dawa. Zambarau chini ya majani ya miche ya nyanya, mara nyingi baridi au fosforasi haichukuliwi, kwa watu wa Njombe na Limuru hii wataiona sana.

Miche ya kutoa nje

Jani lililokulia chini ya mikromoli 200 ukilitoa ghafla kwenye 2000 linaungua kuwa jeupe kama karatasi siku hiyohiyo. Siku 7 mpaka 10 za kuzoesha: siku mbili za kwanza kivulini kabisa, halafu jua la asubuhi kwa muda wa saa moja, kila siku ongeza saa, maji punguza kidogo, ukifika siku ya nane miche inalala nje. Hamisha shambani jioni.

Huku ndani miche ikishatoka, futa tubu kwa kitambaa kikavu zikiwa zimezimwa na plagi imetolewa, vumbi la mwezi mmoja linakula mwanga kuliko unavyofikiri, pima tena na simu katikati na kona, uandike namba ukutani karibu na taima ili msimu ujao ujue taa imeshuka kiasi gani.